Sura ya Tatu: Nani Anawachelewesha Wenzake Ndani ya Kompyuta

Kwenye steshenari za Mwanjelwa jijini Mbeya, na zile za Miyomboni mjini Iringa, lalamiko la wateja ni lilelile: kompyuta ni nzito. Mtu ameleta flashi yenye barua ya maombi ya kazi, kurasa mbili tu, na barua inachukua dakika nzima kufunguka. Foleni inazidi kurefuka. Mwenye duka anawatuliza wateja kwa kuwaahidi kwamba akipata hela atanunua mashine mpya. Mara nyingi si lazima hela hiyo itoke yote, maana ndani ya lile sanduku karibu kila kifaa bado ni kizima na kina kasi ya kutosha. Kipo kimoja tu kinachowachelewesha wenzake.

Sura hii inavipitia vifaa hivyo kimoja baada ya kingine, jinsi vinavyofanya kazi na namna vinavyopokezana. Lengo ni kwamba msomaji akimaliza, aitazame kompyuta iliyo mbele yake na aweze kusema: hiki ndicho wenzake wanakisubiri.

Mgawanyo wa kazi

Mwaka 1945 mwanahisabati John von Neumann aliandika ripoti iliyoeleza mashine ya kukokotoa yenye sehemu chache tu: sehemu ya kufanya hesabu, sehemu ya kuongoza kazi, kumbukumbu inayotunza takwimu pamoja na maagizo yenyewe, na milango ya kuingizia na kutolea habari. Miaka 20 baadaye, mwaka 1965, kompyuta ya kwanza ya Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha. Safari ya kompyuta nchini haikunyooka: mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuziingiza, marufuku ikaja kulegezwa, na ilipofika 2003 nchi ikapata sera ya taifa ya teknolojia ya habari na mawasiliano. Katika miaka hiyo yote mashine zilipungua kutoka ukubwa wa chumba hadi ukubwa wa daftari, lakini mgawanyo wa kazi ulibaki uleule. Laptopu ya mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, pale Iyunga, ina sehemu zilezile alizozitaja von Neumann.

Fungua kompyuta ya mezani na utaziona kwa macho. Bamba pana lililotandazwa chini, mara nyingi la kijani, ni madabodi. Lenyewe halikokotoi wala halihifadhi kazi zako. Limejaa njia nyembamba za shaba, tabaka juu ya tabaka, na kila kifaa kingine kimechomekwa juu yake au kimeunganishwa nalo kwa waya. Katikati, chini ya feni na kipande cha chuma chenye mapezi, kuna prosesa. Kando ya prosesa zimesimama fito mbili au nne za RAM, yaani kumbukumbu ya kazi inayoendelea. Mbali kidogo, kwenye kona ya sanduku, kuna diski. Na nyuma, pale waya wa umeme unapoingia, kuna sanduku dogo la chuma ambalo mafundi wote wanaliita pawa saplai.

Mpangilio huo haukutokea kwa bahati. RAM imesogezwa jirani na prosesa kwa sababu, kwa kasi zinazotumika humu, hata urefu wa waya ni ucheleweshaji.

Safari ya herufi moja

Tuandike neno Mbeya, na tuifuate herufi ya kwanza.

Chini ya vitufe vya kibodi kuna wavu wa njia za umeme, safu za kulala na safu za kusimama. Kidole kinapobonyeza kitufe, safu moja ya kulala inagusana na moja ya kusimama. Chipu ndogo iliyo ndani ya kibodi inazikagua safu hizo mamia ya mara kwa sekunde, na mara moja inajua pale palipogusana. Chipu hiyo haitumi herufi. Inatuma namba ya kitufe. Kwa kibodi ya USB, namba ya kitufe cha M ni 16, na kando yake inakwenda taarifa nyingine kwamba kitufe cha Shift nacho kimeshikwa. Programu inayoendesha kompyuta inapokea habari hizo mbili, inazijumlisha, na kuamua kwamba mwandishi anataka M kubwa. M kubwa katika orodha ya herufi inayotumiwa na kompyuta duniani kote ni namba 77. Ndani ya mashine, 77 inaandikwa kwa alama nane za sifuri na moja: 01001101. Kila alama ni biti, na biti nane ni baiti moja. Neno Mbeya, basi, ni baiti tano.

Uamuzi wa kuifanya M kubwa umefanywa na prosesa. Prosesa ni kipande cha silikoni kilichochorwa transista kwa mamilioni na mabilioni. Transista, iliyovumbuliwa mwaka 1947 katika maabara za Bell nchini Marekani, ni swichi isiyo na kitu kinachocheza: umeme mdogo unaamua kama umeme mwingine upite au usipite. Ukizipanga swichi chache vizuri unapata kifaa kinachojumlisha namba mbili. Ukiongeza nyingine unapata kinacholinganisha namba. Ukiongeza tena unapata kinachoamua hatua inayofuata. Prosesa ya Intel 4004 ya mwaka 1971 ilikuwa na transista 2,300. Chipu ya M1 iliyotolewa na Apple mwaka 2020 ina transista bilioni 16.

Pamoja na wingi huo, kazi ya prosesa ni mzunguko mmoja usiokoma: chukua agizo, lielewe, litekeleze, weka jibu, chukua agizo jingine. Maagizo yenyewe ni madogo mno. Jumlisha hizi mbili. Linganisha hizi. Hamisha hii hapa uipeleke pale. Picha, muziki, hesabu za mishahara na barua ya maombi ya kazi, vyote vimevunjwavunjwa mpaka vikawa maagizo ya namna hiyo. Kinachoipa mashine uwezo ni kasi ya kuyarudia. Prosesa ya gigahezi 3 inapiga mapigo bilioni 3 kwa sekunde. Katika mpigo mmoja mwanga wenyewe, ambao hakuna kinachoushinda kwa mwendo, unasafiri sentimita 10 tu. Ndiyo maana watengenezaji wanapigania kila milimita kati ya prosesa na kumbukumbu.

Sasa prosesa imeiweka namba 77 kwenye RAM, lakini mwandishi bado hajaiona. Sehemu ya michoro inasoma umbo la herufi M, yaani orodha ya nukta zipi ziwe nyeusi, na kulipeleka kwenye kioo. Kioo cha kawaida cha laptopu za mtumba kina nukta 1,366 kwa upana na 768 kwa urefu. Hizo ni nukta 1,049,088, kila moja ikiwa na vijitaa vitatu vya nyekundu, kijani na bluu. Nukta zote hizo zinapigwa upya mara 60 kila sekunde. Kuanzia kidole kugusa kitufe hadi M kutokea kwenye kioo, jicho halikuona lolote likipita hapo kati.

Umeme unapokatika

Karani wa ofisi ya kata amechapa muhtasari wa kikao tangu asubuhi. Saa sita mchana umeme wa TANESCO unakatika. Umeme ukirudi, kazi yote haipo, lakini barua za mwaka jana zipo salama. Mashine ileile, maandishi ya aina ileile. Kwa nini haya yapotee na yale yabaki?

Jibu liko kwenye aina mbili za kumbukumbu. RAM inatunza kila biti kama chaji ya umeme ndani ya kapasita ndogo sana. Kapasita hizo zinavuja. Zikiachwa, chaji inaisha, kwa hiyo saketi maalumu inapita kila safu na kuijaza upya ndani ya kila milisekunde 64, zaidi ya mara 15 kwa sekunde, usiku na mchana, mradi mashine imewashwa. Fito ya RAM ya gigabaiti 8 ina kapasita zaidi ya bilioni 68, na zote zinategemea ujazaji huo. Umeme ukikatika, ujazaji umekoma, na kilichokuwa humo kimekwisha.

Diski ni tofauti. Ndani ya diski ya kuzunguka kuna sahani zinazong'aa zilizopakwa utando wa sumaku, na kila biti ni sehemu ndogo ya utando iliyoelekezwa upande huu au ule. Sumaku haihitaji umeme ili ibaki ilivyo. Sahani hizo kwenye laptopu nyingi zinazunguka mara 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinaelea juu yake kwa umbali wa nanomita chache, kikibebwa na hewa inayosukumwa na mzunguko wenyewe. SSD, ambayo ni diski ya kizazi kipya, haina sahani wala kichwa. Inafungia chembe za elektroni ndani ya vyumba vilivyozungushiwa kizuizi, na elektroni hizo hubaki humo hata mashine ikizimwa.

Kubonyeza kitufe cha kuhifadhi ni kunakili kazi kutoka RAM kwenda diski. Karani yule hakukosea kuchapa. Kazi yake ilikuwa bado upande unaovuja.

Ipo kumbukumbu ya tatu, ndogo, ambayo watu wengi hawaijui mpaka inapowasumbua. Juu ya madabodi kuna betri ya duara kama sarafu, ya volti 3, inayotunza saa na tarehe mashine inapokuwa imezimwa. Betri hiyo ikifa, kompyuta ya mezani ikizimwa na kuchomolewa, tarehe inarudi miaka mingi nyuma. Kisha tovuti za benki na za maombi ya mikopo ya wanafunzi zinakataa kufunguka, maana vyeti vyake vya usalama vinaonekana kama havijaanza kutumika. Mwanafunzi anaweza kudhani intaneti ni mbovu, kumbe dawa ni kubadilisha betri ndogo na kurekebisha tarehe.

Kama mpigo mmoja ungekuwa sekunde moja

Hapa ndipo penye kiini cha sura. Kasi za ndani ya kompyuta zinahesabiwa kwa nanosekunde na milisekunde, na akili ya binadamu haina mahali pa kuziweka. Tuzikuze zote kwa kipimo kimoja. Chukua prosesa ya gigahezi 3, na tuseme mpigo wake mmoja uwe sekunde moja ya saa ya mkononi.

Kwa kipimo hicho, kumbukumbu ya akiba iliyojengwa ndani ya prosesa yenyewe inajibu kwa sekunde nne hivi. Prosesa inauliza, na karibu papo hapo imepewa.

Isipopata humo, inauliza RAM. RAM inajibu kwa takriban nanosekunde 100, ambazo kwa kipimo chetu ni dakika tano.

Ikiwa kinachotakiwa hakipo hata kwenye RAM, itabidi kiletwe kutoka kwenye hifadhi. SSD ya kawaida inajibu kwa takriban sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde. Kwa kipimo chetu hizo ni siku tatu na nusu.

Diski ya kuzunguka sharti kwanza isogeze kichwa hadi kwenye mstari unaohusika, kisha isubiri sahani izunguke hadi sehemu inayotakiwa ifike chini ya kichwa. Yote hayo yanachukua takriban milisekunde 15. Kwa kipimo chetu hizo ni mwaka mmoja na miezi mitano. Mkulima wa Mbozi angekuwa amepanda mahindi na mvua za Novemba, amevuna, amehifadhi, amepanda tena, naye prosesa bado anasubiri baiti zake za kwanza.

Na kufungua barua moja hakuhitaji ombi moja. Programu ya kuandikia ina mafaili mengi madogo yaliyotawanyika, na kila moja ni safari nyingine ya kichwa kile. Kompyuta inapowaka asubuhi inafanya safari za aina hiyo kwa maelfu. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na prosesa nzuri kabisa, akaona mashine yake inajikokota, na akaamini prosesa imezeeka. Haijazeeka. Imekaa bure ikisubiri.

Upungufu wa RAM nao una tabia ya kujificha nyuma ya diski. Mtu akifungua kurasa 20 za intaneti kwenye mashine yenye gigabaiti 4, RAM inajaa. Programu ya uendeshaji inachofanya ni kukopa nafasi kwenye diski na kuhamishia huko vitu visivyotumika kwa wakati huo. Kila akirudi kwenye ukurasa wa zamani, jibu lililopaswa kuja kwa dakika tano linakuja kwa mwaka na zaidi. Taa ndogo ya diski inawaka bila kupumzika, na diski inalaumiwa kwa kosa la RAM.

Maji ya Usangu na volti 12

Hakuna kati ya hayo linalotokea bila umeme, na umeme wa nyanda za juu kusini una historia inayoonekana kwenye ramani. Maji yanakusanyika kwenye bonde la Usangu wilayani Mbarali, yanashuka na Mto Ruaha Mkuu kupita hifadhi ya Ruaha, yanaingia bwawa la Mtera lenye mitambo ya megawati 80, kisha Kidatu yenye megawati 204. Maji hayohayo yanaendelea hadi Rufiji, kwenye bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Umeme wa vyanzo hivyo na vingine unaingia gridi moja ya taifa na kufika ukutani kwa volti 230, ukigeuza mwelekeo mara 100 kwa sekunde.

Umeme wa namna hiyo ungeunguza kila chipu kwenye madabodi. Kazi ya pawa saplai ni kuunyoosha uende upande mmoja, kuukatakata kwa kasi ya makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, na kuushusha hadi volti 12, 5 na 3.3. Kisha saketi zilizozunguka prosesa zinaushusha tena hadi kama volti moja. Chaja ya laptopu inafanya kazi hiyohiyo na kutoa volti 19 hivi. Soma kibandiko chake: kikisema volti 100 hadi 240, chaja inaweza kutumika Mbeya, London au Chicago.

Pawa saplai za zamani haziko hivyo. Nyuma yake kuna swichi ndogo nyekundu yenye alama 115 na 230. Kompyuta ya mtumba iliyotoka Marekani mara nyingi swichi yake imeachwa kwenye 115. Ukiichomeka ukutani Iringa ikiwa hivyo, utasikia mlipuko na harufu ya kuungua, na mashine uliyoinunua asubuhi imekufa kabla ya kuwaka. Kabla ya kuchomeka kompyuta yoyote ya mezani ya mtumba, geuza nyuma yake, angalia swichi hiyo, na iweke kwenye 230.

Msimu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, radi nazo zinaleta mishtuko kwenye nyaya. Stabilaiza inazuia volti kupanda na kushuka; UPS inaongeza dakika chache za kuhifadhi kazi umeme ukikatika. Hata hivyo radi inayopiga karibu haizuiwi na hata kimoja kati ya hivyo. Dawa yake ni kuchomoa waya ukutani, na waya wa mtandao pia.

Hewa nyepesi, vumbi jingi

Kila mpigo wa prosesa unaacha joto. Joto linapanda kwenye kipande cha chuma chenye mapezi, na feni inalipuliza nje. Kati ya prosesa na chuma hicho hupakwa krimu maalumu inayojaza mianya isiyoonekana kwa jicho. Miaka ikipita krimu inakauka na kuwa kama chaki, na joto linakosa njia. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi inajilinda kwa kupunguza mapigo yake yenyewe. Mwenye mashine anaona inaanza vizuri asubuhi, na baada ya nusu saa inakuwa nzito. Hapo kinachosubiriwa ni hewa.

Iringa iko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na Mbeya takriban 1,700. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu moja ya sita, kwa hiyo feni ileile inasukuma hewa pungufu kwa kila mzunguko. Lakini hewa hiyo ni baridi zaidi, na baridi inafidia sehemu kubwa ya upungufu. Diski za kuzunguka, ambazo kichwa chake kinaelea kwa hewa, nazo zina kikomo cha mwinuko. Watengenezaji wengi wanakiweka kwenye mita 3,000 hivi. Hata kilele cha Mlima Rungwe hakifikii hapo, kwa hiyo mwinuko usimtie mtu wa Mbeya wasiwasi.

Vumbi ndilo la kuogopwa. Kuanzia Juni hadi Oktoba ardhi ni kavu, na kompyuta iliyowekwa sakafuni inavuta vumbi kutwa nzima. Linajikusanya kati ya mapezi mpaka linakuwa blanketi. Inua mashine kutoka sakafuni, ifungue kila msimu wa kiangazi, na ipulize kwa hewa huku ukishikilia mapanga ya feni yasizunguke ovyo. Na mwezi wa Juni au Julai, laptopu iliyolala kwenye gari usiku wa baridi kali pale Uyole isiwashwe mara tu inapoingizwa kwenye chumba chenye joto. Unyevu wa hewa unageuka matone juu ya saketi. Iache kwanza, ikauke.

Madini ya jirani

Mtu anayedhani kompyuta ni kitu cha mbali kabisa na nyanda za juu aitazame fito ya RAM kwa karibu. Ukingo wake wa chini una vipande vya manjano vilivyopangwa kama meno. Ni dhahabu, utando mwembamba mno, uliowekwa kwa sababu dhahabu haishiki kutu na inapitisha umeme vizuri. Dhahabu imechimbwa katika eneo la Lupa, wilayani Chunya, tangu miaka ya 1920.

Vipande hivyo ndivyo chanzo cha ubovu mmoja wa kawaida sana. Kompyuta inawashwa, feni inazunguka, kioo kinabaki cheusi, na spika ndogo ya ndani inalia kwa vipindi. Fundi mzoefu hakimbilii kuuza madabodi. Anachomoa waya wa umeme, anagusa chuma cha sanduku ili kuondoa chaji mwilini mwake, anabana vishikizo viwili vya pembeni na kuitoa fito ya RAM. Anachukua ufutio wa penseli, anausugua taratibu juu ya meno ya dhahabu pande zote mbili mpaka utando wa uchafu utoke, anapuliza mabaki, kisha anairudisha fito na kuikandamiza mpaka vishikizo vilie pande zote. Mara nyingi mashine inawaka. Kilichokosekana ni mguso tu.

Njia za madabodi ni za shaba, na shaba ya Zambia na Kongo inapita nyanda hizi kila siku kwa malori kutoka Tunduma kupitia Mbeya na Iringa, na kwa reli ya TAZARA, kuelekea bandari ya Dar es Salaam. Kichwa cha diski ya kuzunguka kinasogezwa kwa sumaku kali zenye neodimi. Neodimi na praseodimi ni kati ya madini adimu yaliyopo kwa wingi kwenye kilima cha Ngualla, mkoani Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Mwaka huohuo watafiti walitangaza kwamba bonde la Rukwa lina hazina kubwa ya gesi ya heli. Diski kubwa za kwenye vituo vya data zimekuwa zikijazwa heli badala ya hewa tangu 2013, kwa sababu ni nyepesi na inazifanya sahani zizunguke kwa msuguano mdogo.

Kati ya mwamba wa Ngualla na diski iliyo dukani kuna mlolongo mrefu wa ujuzi: kusafisha, kuyeyusha, kuchora, kupima. Mlolongo huo haujafika huku. Lakini hatua yake ya mwisho, ile ya kujua kifaa kinafanya nini na kukitengeneza kikiharibika, inaweza kuanza leo, na vyuo vya ufundi vya VETA na vyuo vikuu vya Mbeya na Iringa vina vijana wa kuifanya.

Kabla ya kununua

Turudi kwenye swali la sura: nani anawachelewesha wenzake? Kwenye kompyuta yenye Windows, jibu halihitaji kubahatisha. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja wakati mashine imelemewa, na dirisha litafunguka likionyesha asilimia ya matumizi ya prosesa, kumbukumbu na diski. Tazama safu iliyogota karibu na 100.

Ikiwa ni diski, na diski ni ya kuzunguka, weka SSD. Gharama yake ni sehemu ndogo ya bei ya mashine mpya, na mashine ya miaka kumi inaweza kuanza kuwaka kwa nusu dakika. Nakili kazi zako mahali pengine kwanza.

Ikiwa ni kumbukumbu, ongeza RAM, lakini soma kwanza aina inayokubaliwa na madabodi, maana DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4.

Ikiwa ni prosesa, angalia joto kabla ya jambo lolote. Safisha vumbi, badilisha krimu, pima tena. Matumizi ya prosesa yakibaki juu hata ikiwa baridi, tafuta programu inayoila bila sababu, pengine kirusi. Baada ya yote hayo, ikiwa bado imelemewa na kazi halali, kama kuhariri video, hapo ndipo mashine mpya ina haki ya kununuliwa.

Na ikiwa mashine inazima ghafla au inajiwasha upya, shuku umeme: pawa saplai, waya, au kapasita za madabodi zilizovimba vichwa kama zinazotaka kupasuka.

Haya yana uzito mkubwa zaidi shuleni kuliko dukani. Shule ya sekondari inayopata msaada wa kompyuta 20 za mtumba inazitumia mwaka mmoja au miwili, kisha zinaanza kufungiwa stoo moja baada ya nyingine kwa jina la ubovu. Nyingi kati ya hizo zina prosesa nzima, kioo kizima na kibodi nzima. Zimeangushwa na diski iliyochoka, betri ya volti 3 au vumbi la kiangazi. Bodi ya shule ikitenga sehemu ndogo ya fedha kwa ajili ya SSD, RAM na stabilaiza, na mwalimu mmoja akafundishwa kupima kabla ya kuhukumu, darasa lilelile linaweza kuhudumia wanafunzi miaka mingine mingi. Fedha iwekwe kwenye kifaa kinachosubiriwa, na vilivyobaki viachwe viendelee na kazi.